Kozi ya Mtandaoni: Kuiandaa na Kuizindua

Machi 2020, taasisi za elimu nchini Kenya zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wahadhiri wengi walipakia madokezo yao mtandaoni, nayo yakaitwa kozi. Makala haya yanafafanua tofauti baina ya mambo hayo mawili.

Kozi ya mtandaoni hubuniwa kuanzia mwisho. Mhadhiri huamua kwanza mwanafunzi ataweza kufanya nini amalizapo, kisha huteua kazi itakayouthibitisha uwezo huo, ndipo aandae mafunzo. Tuchukue mada ya upatanisho wa kisarufi. Shabaha kwamba mwanafunzi "aelewe ngeli" haipimiki. Kwamba "asahihishe makosa ya upatanisho katika aya" inapimika, na zoezi lake hujitokeza lenyewe.

Pili, muhadhara wa saa mbili hukatwa vipande vya dakika chache, kila kimoja kikibeba dhana moja na kufuatwa na zoezi. Darasani mhadhiri huona nyuso zilizokunjamana akarudia hoja. Mtandaoni haoni nyuso. Hivyo, hana budi kuyatabiri maswali na kuyaandikia majibu mapema.

Tatu ni uteuzi wa nyenzo. Fasihi simulizi haitoshelezwi na maandishi: sauti ya fanani ni sehemu ya utungo. Hata hivyo, video hula data nyingi, na mwanafunzi asiye na fedha hubaki nje ya darasa. Rekodi ya sauti pamoja na maandishi yanayopakuliwa mara moja humfaa zaidi. Jukwaa lenyewe si lazima liwe ghali: Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ni programu huria.

Kabla ya uzinduzi, wanafunzi wachache huijaribu kozi kwa rununu zao, si kwa tarakilishi za ofisini. Juma la kwanza huwa jepesi: kuingia, kujitambulisha na kuwasilisha kazi fupi. Asiyeonekana juma la pili hutafutwa kwa simu, kwani kimya ndicho chanzo cha kuacha masomo.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023. Ufundishaji wa mtandaoni si dharura tena. Wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kozi nayo huzinduliwa kwa siku moja, ikalelewa muhula mzima.