Mwanao akiomba nauli ya kwenda kujifunza programu

Jumamosi asubuhi, katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika au Tegeta, mtoto wa kike ana ratiba inayojulikana: kufua, kuosha vyombo na kuangalia wadogo zake. Akiomba nauli aende kujifunza kuandika programu za kompyuta, mzazi hujiuliza: ni kweli au ni kisingizio?

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti mmoja wa kidato cha pili anayeishi Mbagala, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sababu ya umri wake. Baba yake alimzuia kwa wiki tatu. Kwake kompyuta ilikuwa ya kuangalia filamu, na binti kuzurura mjini ni kujitafutia matatizo. Mama ndiye aliyekata shauri: alipanda naye daladala hadi darasani, akakaa benchi la nyuma mpaka kipindi kikaisha.

Hakukuwa na filamu. Watoto walikuwa wakitumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ambayo inapatikana pia kwa Kiswahili. Mtoto hupanga maagizo kama anayepanga matofali: likitokea hili, fanya lile, rudia mara 10, simama. Ikishapakuliwa kwenye kompyuta, haihitaji bando.

Miezi michache baadaye, darasa lilipelekwa kwenye maabara ya chuo kikuu. Wanafunzi walikuta kipimajoto kilichounganishwa na kompyuta, wakapewa kazi: andikeni programu ya kulinda jokofu la chanjo. Binti aliandika kwamba joto likizidi nyuzi 8, taa nyekundu iwake. Taa ikawaka, akafurahi. Ndipo mtaalamu wa maabara akamuuliza: je, likishuka chini ya nyuzi 2?

Swali hilo linamgusa kila mzazi anayepeleka mtoto kliniki. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na baadhi, ikiwamo ya pepopunda, huharibika zikiganda. Programu yake ingekaa kimya huku chanjo zikiharibika. Akaongeza sharti la pili, akatumbukiza kipimajoto kwenye maji ya barafu, na taa ikawaka.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya somo hili. Mtoto huzoea kutafuta kosa katika kazi yake mwenyewe kabla halijamfikia mtu mwingine. Hata takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuuendeleza.

Tena vyuo haviko mbali. Ndaki ya TEHAMA ya chuo hicho ipo Kijitonyama, Kinondoni. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kipo Chang'ombe, Temeke. Kwa wasichana wa sekondari, taasisi ya Apps and Girls, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima, imekuwa ikifundisha programu jijini.

Mzazi, tahadhari ya yule baba haikuwa mbaya. Ilikosa tu hatua ya pili. Kabla ya kutoa nauli, uliza nani anafundisha, wapi na saa ngapi wanamaliza. Siku ya kwanza nenda naye. Kazi za nyumbani zigawe upya, kaka zake nao wana mikono. Mkumbushe apumzishe macho: kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20.

Akirudi jioni, usimuulize tu amepata ngapi. Mwambie akuoneshe alichotengeneza, na pale kilipokwama.