Msimbo wa simu unapopoteza nyota zake

Muuzaji anaandika msimbo wa kulipia kwa simu, tuseme *222*5#, bila kosa hata moja. Lakini ujumbe ukipitia kwenye programu inayotumia Markdown, mteja anasoma 2225#. Nyota zote mbili zimepotea, na 222 imelazwa kidogo upande. Mteja atapiga namba ambayo hakutumiwa.

Hiyo si virusi wala simu mbovu. Markdown, mtindo wa kuandika uliotolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber, unachukua nyota kama amri: kilicho katikati ya nyota mbili kilazwe, na nyota zenyewe zifichwe. Mwalimu akiandika 5*6*78, wanafunzi wanaona 5678. Jibu alilolitaka ni 2340.

Kwenye HTML, lugha inayojenga kurasa za intaneti, hasara ni kubwa zaidi. Sentensi «a<b na b>c» inatokea kwenye skrini kama «ac» tu. Programu imeona <b, ikadhani ni amri ya kunenepesha herufi, ikameza kila kitu hadi kwenye alama ya kufunga. Msomaji hawezi hata kushuku kwamba kuna maneno yaliyoondoka.

Dawa ipo, na ni ya zamani. Katika Markdown, mstari ulioinamia nyuma unawekwa mbele ya kila nyota: \*222\*5#. Ao msimbo mzima unafungwa kati ya aksenti grave mbili zinazosimama peke yake, `*222*5#`, na kila alama iliyo ndani inabaki ilivyo. WhatsApp pia inakubali aksenti hiyo moja kila upande tangu mwaka 2024. Mbele ya hapo zilihitajika tatu.

Kwa HTML, alama ya < inaandikwa &lt; na ile ya > inaandikwa &gt;. Alama ya & yenyewe inakuwa &amp;, na hapa ndipo wengi wanajikwaa: hiyo ndiyo ya kubadilisha kwanza. Ukiiacha mwisho, &lt; uliyokwisha kuandika inageuka &amp;lt;, na msomaji anaona &lt; kwenye skrini pahali pa alama. Yule anayefundisha jambo hili, kwa upande wake, anahitaji kosa hilo hilo kwa makusudi, la sivyo mfano wake unapotea mbele ya wanafunzi.

Shida nyingine ni kuzipata alama hizo. Kwenye klavie ya Kifaransa ya Windows, aksenti grave inatoka kwa AltGr na 7, kisha kitufe cha nafasi; mstari wa kuinamia nyuma ni AltGr na 8. Kwenye simu zimefichwa nyuma ya kitufe cha alama. Muuzaji mwenye haraka anaweza kujitumia msimbo yeye mwenyewe kwanza, ahesabu nyota zake, ndipo autume kwa wateja.