Muulizeni Mwajiri Kwanza

Kijana anayetamani kuwa polisi au askari magereza huvutwa upesi na tangazo la chuo cha kazi. Huambiwa kwamba masomo ni ya miaka michache na mwisho wake ni ajira. Hatumlaumu kwa kuvutwa. Elimu yenyewe ni njema, kwani askari azijuaye haki za mfungwa ni bora kuliko asiyezijua. Tunalomwonya ni swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wamekwisha kuchelewa: je, mwajiri anaitambua shahada hiyo?

Yaliyotokea Chicago, nchini Marekani, yatosha kuwa ushahidi. Chuo cha Westwood, kilichoendeshwa kwa ajili ya faida, kilifundisha huko shahada ya haki ya jinai, yaani kazi za polisi, mwenendo wa mahakama na uendeshaji wa magereza. Gharama yake ilizidi dola 70,000. Januari 2012, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois, Lisa Madigan, alikishitaki chuo hicho, akidai kwamba wanafunzi walifanywa waamini wataajiriwa na polisi wa jimbo na wa miji, hali vikosi vingi havikuitambua shahada yao. Westwood kilikuwa na ithibati, lakini si ile ya kimkoa iliyotakiwa na waajiri hao. Neno hilo moja, "kimkoa", ndilo lililowafungia watu mlango. Nasi twauliza ni kijana gani wa miaka 18 aliyetazamiwa kulijua.

La magereza ni chungu zaidi. Idara ya Magereza ya Illinois humwajiri askari mwenye cheti cha sekondari, kisha humfunza yenyewe. Hivyo mtu aliweza kukopa maelfu ya dola akiitafuta kazi ambayo angeweza kuiomba bila ya kukopa hata senti.

Mwaka 2015 chuo kilikubali kufuta mikopo ya dola milioni 15, na Machi 2016 kikafungwa. Lakini mikopo ya serikali kuu iliendelea kudaiwa. Ilikuwa Agosti 2022 ndipo Wizara ya Elimu ilipotangaza kuwafutia watu 79,000 waliosoma Westwood, wa masomo yote, jumla ya dola bilioni 1.5, baada ya kuona kwamba walidanganywa. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu mashitaka yale!

Kwa maoni yetu, lawama haiwezi kuishia kwa chuo. Serikali iliyotoa mikopo ndiyo iliyopaswa kuuliza, kabla ya dola ya kwanza kutoka, shahada hii inatambuliwa na nani. Ilikuwa na wakaguzi na wanasheria. Mwanafunzi alikuwa na tangazo tu.

Basi kijana na alichukue tangazo hilo, aende nalo kwenye ofisi ya polisi au ya magereza anakotaka kuajiriwa, aulize kama cheti cha chuo hicho kinakubaliwa, na jibu apewe kwa maandishi. Afanye hivyo kabla ya kutia sahihi hati ya mkopo.