Kimbunga cha Bahari ya Hindi na mvua ya Ndosho: kuna uhusiano gani?

Kila mwaka, kati ya Novemba na Aprili, habari za vimbunga zinafika mpaka Ndosho. Redio inataja Madagaska ao Msumbiji, na picha zinaanza kuzunguka kwenye telefone. Siku ile mvua kubwa inapopiga mabati jioni, watu wanaulizana: je, kile kimbunga kimefika Goma?

Hapana. Kimbunga kinakula maji ya bahari yenye joto la digrii 26 ao 27 na zaidi. Kikiingia nchi kavu, nguvu zake zinaisha. Ziwa Kivu ni dogo sana kwa kukilisha. Tena Goma iko karibu na ikweta, chini ya digrii 2 kusini, na hapo mzunguko wa dunia hausaidii upepo kujizungusha kwa namna hiyo. Mvua nyingi za Ndosho zinatengenezwa hapa hapa: jua la mchana, unyevu wa ziwa na wa pori, pamoja na milima.

Lakini kimbunga kilicho mbali zaidi ya kilomita 2,000 kinaweza kugeuza njia ya upepo. Kwa kawaida, upepo wa chini unatoka Bahari ya Hindi, unapita Kenya na Tanzania kuja huku. Upande wa magharibi kuna hewa nyingine, ile yenye unyevu mwingi ya pori la Kongo, kuanzia Kisangani mpaka Walikale.

Kusini mwa ikweta, kimbunga kinazunguka kama mishale ya saa. Kwa hiyo, upande wake wa kaskazini, upepo unatoka magharibi kwenda mashariki. Kimbunga kikisimama mashariki ya Madagaska, kinaweza kuvuta hewa ya Kongo kuelekea bahari. Hewa hiyo inapanda milima kama ya Masisi, inapoa, na unyevu unageuka mvua.

Ndivyo ilivyoonekana Machi 2018. Vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa Madagaska, na Kenya ikapata mvua nyingi kupita kawaida ya mwezi huo. Wataalamu waliochunguza miaka mingi waliona kwamba siku za upepo wa magharibi zina mvua zaidi, hasa kuzunguka Ziwa Victoria. Kivu iko kwenye njia ya hewa hiyo.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Machi 2019, kimbunga Idai kilikuwa katika mlango wa bahari kati ya Madagaska na Msumbiji, kikapiga mji wa Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Wakati Beira inazama, wakulima wa Kenya walikuwa wanatazama mawingu bila kuona kitu: mvua ya masika ilichelewa.

Kwa hiyo, kusikia neno kimbunga hakutoshi. Swali la kuuliza ni: kiko upande gani wa Madagaska? Kikiwa mashariki, mvua inaweza kuongezeka. Kikiwa kati ya Madagaska na Msumbiji, inaweza kupungua. Hata hivyo si sheria ya kila mara, na si kila mafuriko yanaletwa na kimbunga.

Kwa mkaaji wa Ndosho, jambo hili linagusa nyumba. Mama anayekinga maji ya mvua kwa bidoni anahitaji kujua kama siku kavu zinakuja. Mwenye shamba la maharage anapima siku ya kupanda. Anayelala chini ya bashi anahitaji kuikaza mapema. Na mtaro wa avenii uliojaa plastiki unapaswa kusafishwa mbele ya mvua, kwa sababu maji yakichanganyika na uchafu, kolera haiko mbali. Kazi hiyo haingojei kimbunga.