Bomu Chini ya Meza

Kabla sijasomea uuguzi nilikuwa mtazamaji wa filamu, na hata leo ningali mtazamaji. Katika banda la video la mtaani kwetu Temeke tulibanana juu ya mabenchi, huku msimuliaji akitufasiria Kiingereza na kuongeza maneno yake mwenyewe. Steringi hafi, hilo tulilijua. Katika filamu za taharuki za kisaikolojia, hata hivyo, hatukuwa na hakika ni nani hasa aliye steringi, na utamu wake ulikuwa hapo.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliieleza siri ya utamu huo vizuri kuliko mhakiki yeyote. Watu wawili wanaongea mezani, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji atashtuka kwa sekunde kumi na tano. Lakini akionyeshwa mapema kwamba bomu limo chini ya meza, mazungumzo yale yale ya kawaida yatamtoa jasho kwa dakika kumi na tano. Sina ugomvi na jasho hilo. Nagombana na mahali bomu linapowekwa, kwani aghalabu huwekwa ndani ya kichwa cha mgonjwa.

Chukua filamu yake mwenyewe ya mwaka 1960, Psycho. Nimeitazama mara nyingi, na kila zinapolia fidla za Bernard Herrmann bado nywele hunisimama. Ila dakika za mwisho hunichosha. Baada ya mauaji yote, daktari wa magonjwa ya akili anasimama mbele ya watu na kueleza kwa nini Norman Bates aliua, kana kwamba anategua kitendawili. Nani aliua? Mgonjwa. Kwa nini? Kwa sababu ni mgonjwa. Miaka 56 baadaye M. Night Shyamalan alitumia ufunguo uo huo katika Split: mtu mwenye nafsi 23 anateka wasichana, na nafsi ya 24 ni hayawani. James McAvoy anaigiza kwa ustadi wa ajabu, na kwa sababu hiyo watu humwamini. Nimewasikia wengi wakiiita hali ile skizofrenia, ilhali ni maradhi mawili tofauti kabisa. Mwenye skizofrenia hana nafsi mbili. Ana nafsi moja, iliyosongwa na sauti wasizozisikia wengine na imani zisizolingana na hali halisi.

Haya yangebaki maongezi ya barazani lau mdogo wangu asingeambiwa kliniki kwamba ana maradhi hayo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Juma lile lile mama alianza kuvifungia visu ndani ya sanduku la nguo kila jioni. Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba kwenye televisheni ameona wafanyavyo watu wa namna hiyo. Mdogo wangu akawa anaomba kisu cha kumenyea embe kama mtoto aombaye ruhusa, na hakuuliza kwa nini. Alijua, kwani filamu zile tulizitazama pamoja.

Nilimweleza mama niliyofundishwa darasani: kwamba skizofrenia humpata takriban mtu 1 katika kila watu 300 duniani, kwamba walio wengi hawamdhuru mtu, na kwamba wao ndio hudhuriwa mara nyingi zaidi. Alinisikiliza kwa adabu. Visu vikaendelea kulala sandukuni. Takwimu haina fidla.

Ndipo nilipoanza kutafuta filamu za kumwonyesha. A Beautiful Mind ya mwaka 2001, juu ya John Nash, mwanahisabati aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1994, ilisaidia nusu. Hila yake ni njema: mtazamaji anaamini watu awaonao Nash, kisha anagundua kwamba hawapo, na kwa mara moja huaibika kwa kudanganyika kama yeye. Hata hivyo, Nash wa kweli alisumbuliwa zaidi na sauti kuliko sura. Tena filamu inamfanya aseme kwamba anatumia dawa mpya, ilhali mwenyewe alisimulia kwamba aliacha dawa tangu mwaka 1970. Uongo huu wa pili nimeusamehe. Nimewapokea wagonjwa wengi mno waliorudishwa wodini baada ya kuacha dawa wenyewe, hata siwezi kuwatakia watazamaji mfano wa yule mmoja aliyebahatika.

Iliyonigusa hasa ni The Father ya Florian Zeller, ya mwaka 2020. Anthony Hopkins ni mzee mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hakuna muuaji wala kisu, lakini taharuki yake ilinibana kuliko Split. Samani hubadilika bila taarifa. Picha iliyokuwa ukutani haipo tena. Binti yake anaingia akiwa na sura ya mwigizaji mwingine, naye mzee hathubutu kusema kwamba hamtambui. Bomu limo chini ya meza, na safari hii tumeketi kwenye kiti cha mgonjwa. Anayetishwa ni yeye.

Tuliitazama nyumbani Jumapili moja, watu watatu, nami nikifasiri kama yule msimuliaji wa zamani, ila bila kuongeza yangu. Alipoingia yule binti wa pili, mama alinishika mkono.

“Huyu ni nani tena? Si yule wa mwanzo.”

Kabla sijajibu, mdogo wangu alisema, “Ndiye yule yule, mama. Baba wa watu ndiye anayemwona hivyo.” Kisha akaongeza, “Mimi haiwi hivi hasa. Ila hiyo hofu yake naijua.”

Mama alimtazama kitambo. Akaniambia nirudishe nyuma, aione tena tangu mlango unapofunguliwa.