Kitanda cha Mfumi: Urithishaji wa Ufumaji kutoka kwa Mwalimu hadi kwa Mwanafunzi

Ufumaji ni ufundi wa kuunganisha nyuzi zinazokatana hadi zikawa nguo. Nyuzi zinazotandwa kwa urefu huitwa mtande. Zinazopitishwa kwa upana huitwa mshindio. Chombo chenyewe huitwa kitanda cha mfumi. Maneno haya yamo kamusini, lakini wanafunzi wengi wanaoyasoma hawajapata kukiona chombo hicho. Makala haya yanaeleza jinsi ufundi huu unavyorithishwa, na kwa nini mnyororo wake ukikatika huwa vigumu kuuunga.

Historia inatoa onyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zilizofumwa huko zikipelekwa hadi Misri. Pate nayo ilisifika kwa nguo zake. Katika karne ya 19 shehena za kitambaa cha bei nafuu kutoka Salem, Marekani, zilijaa masoko ya Zanzibar, na hadi leo kitambaa cha namna hiyo huitwa marekani. Ushindani wa aina hiyo uliwaondolea wafumi wateja. Mfumi asiye na mteja hapati mwanagenzi, na asiye na mwanagenzi huzikwa na ujuzi wake.

Huko bara, elimu ya kazi za mikono iliingia shuleni kwa njia ya misheni. Marafiki, yaani Waquaker, walipofika Kaimosi mwaka 1902, misheni yao ilijitambulisha tangu mwanzo kuwa ya kazi za ufundi pamoja na Injili. Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, ni miongoni mwa vituo vilivyochipuka kutokana na kazi hiyo, na hadi leo inajulikana kwa hospitali na shule ya wasichana. Katika mazingira kama hayo, mwalimu wa ufumaji hufundisha nini hasa?

Kwanza, hufundisha mkono. Mwanafunzi huanza kwa kusokota uzi, kisha hutanda mtande. Hapa ndipo penye siri ya kazi. Uzi mmoja ukilegea kuliko wenziwe, kosa halionekani siku hiyo. Hujitokeza nguo ikiwa imefika nusu, pindo likaenda upande. Hakuna kitabu kinachoweza kueleza uzi uliokazwa sawasawa. Mwalimu huweka kidole juu ya mtande, kisha humwita mwanafunzi auguse vilevile. Pili, hufundisha subira: kufumua na kuanza upya bila kununa. Tatu, hufundisha hesabu, kwa kuwa kila nakshi ni idadi ya nyuzi zinazoinuliwa na zinazoachwa.

Ujuzi wa namna hii hauhifadhiki katika daftari. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na kazi za mikono zilipewa nafasi na kutahiniwa katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yalipunguzwa, na shule nyingi zikayapa kisogo yasiyotahiniwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeurudisha ufumaji darasani. Hata hivyo, mtaala huandikwa kwa muda mfupi, ilhali mkono wa mwalimu hujengwa kwa miaka. Mwalimu ambaye hakufundishwa kutanda mtande atafundisha picha ya kitanda, si kitanda.

Kwa kuhitimisha, urithishaji wa ufumaji unahitaji mambo matatu: mafundi wazee waingie darasani kabla hawajaondoka, vitanda vipatikane ili wanafunzi wajifunze kwa kutenda, na nguo zao zipate wanunuzi katika masoko ya Webuye, Bungoma na Kitale. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Waketi kando ya mafundi na kuandika jina la kila kijiti, kila fundo na kila kosa, kwani ufundi ukitoweka, maneno yake hubaki kamusini kama nyumba isiyo na mwenyewe.