Hifadhi ya Bahari na Utalii wa Kiasi

Vyama vya wavuvi vinavyofikiria kutenga sehemu ya bahari na kukaribisha watalii vina mambo mawili ya kufahamu kabla mkutano mkuu haujapitisha azimio: kwa nini mwamba hufungwa, na kwa nini idadi ya wageni haina budi kuwa ndogo.

Mwamba wa matumbawe ni mazalia na malezi ya samaki. Usipovuliwa, samaki wake hukua, na samaki mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo. Ziada huvuka mpaka na kuingia katika maji ya wavuvi. Hivyo eneo lililofungwa ni kama akiba ya chama: mtaji hauguswi, faida ndiyo igawanywayo. Lakini faida hiyo haiji kwa msimu mmoja, na mvuvi aliyeacha uwanja wake leo hana budi kula leo. Hapo ndipo kiingilio cha mgeni kinapohitajika.

Mfano ulio karibu ni kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ingawa huendeshwa na kampuni, si chama cha ushirika. Mwamba wake wa magharibi ulitangazwa na Serikali kuwa hifadhi mwaka 1994. Wavuvi wa vijiji vya jirani walifundishwa ulinzi, na kazi hiyo hufanywa kwa maelezo, pasipo silaha. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji ni ya mvua, umeme ni wa jua, na vyoo havimwagi uchafu baharini, kwa kuwa uchafu hustawisha magugu yanayosonga matumbawe. Fedha ya wageni hulipia ulinzi na ziara za wanafunzi.

Uchache huo una sababu. Nanga moja au unyayo mmoja huvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Wageni wakizidi, huharibu kile kile walichokuja kukitazama.

Aidha, utalii si nguzo ya kuegemewa peke yake. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokatiza safari, hifadhi zilizotegemea viingilio zilipungukiwa, hali ulinzi ulikuwa bado wahitajika.

Kwa hiyo masharti ya chama yataje mapema mipaka ya eneo, idadi ya wageni kwa siku, na mgao wa mapato: fungu la ulinzi, fungu la wavuvi walioacha uwanja, na fungu la akiba. Katibu naye azisome hesabu hizo mbele ya wanachama wote, kwani mvuvi asiyeziona hesabu hataona sababu ya kuulinda mpaka.